Asilimia Moja Iliyobaki

Mkuu wa chuo chetu pale Nakuru alikuwa mjinga wa kujiamini, na hao ndio wabaya zaidi. Mwaka wa 2007 kazi yangu ilikuwa kuangalia seva ya chuo. Kila asubuhi alikuja kusimama nyuma yangu, tai imemkaba shingo, akasoma namba moja tu kwenye skrini: kazi ya prosesa, ule ubongo wa mashine.

"Asilimia nne! Mashine imetulia. Sasa wewe unalipwa ya nini?"

Nikamwambia, mzee, prosesa kutulia si hoja; diski imejaa asilimia tisini na tisa. Mtu anaweza kukaa bila kutokwa na jasho, na ghala lake halina pa kumwaga hata gorogoro moja ya mahindi.

"Si bado kuna moja?" Akacheka, akaenda kunywa chai. Ebo! Nilimdharau hata kwa vile alivyotembea.

Januari ikaja na moto wake wa baada ya uchaguzi. Watu waliofukuzwa makwao Kuresoi wakalala kwenye ukumbi wetu, wengine wakipakiwa kwenye malori kupelekwa kwa jamaa zao. Mkuu akaagiza kila jina, na mahali mtu anakoenda, viingizwe kwenye seva. Karani alipotoa daftari, mkuu akampokonya. "Mambo ya daftari yaliisha kitambo!"

Siku ya tatu, mchana, mama mmoja aliingia ofisini, miguu imevimba. Alimtafuta binti yake mjamzito, ambaye majirani walimwona akipanda lori hapo chuoni asubuhi. Lilimpeleka wapi?

"Ngoja, mathe," nikasema. "Hiyo ni dakika moja."

Hakukuwa na kitu. Tangu alfajiri diski ilikuwa imejaa pomoni, na seva haikuhifadhi hata jina moja. Prosesa? Asilimia tatu. Imetulia.

Mkuu alisimama mlangoni akilalamika kwamba mitambo ya siku hizi ni ya bei rahisi. Nusura nimtukane mbele ya yule mama. Nikafungua diski nimwonyeshe mpumbavu huyo takataka zilizotujaza.

Zilikuwa sinema zangu. Za karate, mia na kitu, nilizozificha kwenye folda niliyoiita Ripoti za Zamani. Kumwambia imejaa, nilimwambia. Imejazwa na nani, sikusema.

Nilizifuta zote. Nafasi ikawa tele, majina hayakurudi. Mama akafunga leso yake upya, akanishika bega.

"Asante, mwanangu. Angalau wewe umehangaika."