Mabomba ya Nyumba ya Kaka

Fundi bomba alipofukuzwa na kaka yake kwenye nyumba waliyoijenga pamoja, hakugombana. Aliondoka na siri moja tu: mabomba yaliyozikwa chini ya sakafu aliyalaza yeye, na hakuna mwingine aliyejua yanapopita.

Miaka sita akakaa nayo rohoni. Kila aliposikia kaka kavunja sakafu tena akitafuta panapovuja, roho yake ilisuuzika. Lakini, jamani, kinyongo nacho kinachosha. Mikono yake ikikaza koki za watu, akili ilikuwa inatambaa chini ya sakafu ile, kona hadi kona, asije akasahau hata kiungo kimoja.

Juzi shemeji yake, mke wa kaka, alipomfuata kuomba msaada, fundi aliguna, akabeba mfuko wa spana, akaenda. Alimkuta kaka kapiga magoti kwenye maji, nyundo mkononi, kichwa kimejaa mvi.

"Umekuja kunicheka?" kaka akauliza.

"Nimeshakucheka sana, kaka. Nimechoka."

Akatoa penseli, akachora nyumba nzima ukutani: bomba linatoka jikoni, linapita chini ya sebule, linaingia kwenye chumba kilichokuwa chake. Hapo, penye kiungo kinachovuja, akatia alama. "Chimba hapa. Pengine pote umeumiza mgongo bure."

Kaka akautazama ule mchoro. "Mdogo wangu, kwa nini unanipa?"

Fundi akaokota mfuko wake. "Nyumba ulishachukua. Chukua na mabomba yake, nimechoka kuyabeba."