Masale aliyong'oa mjukuu wangu yanamwita arudi kutoka Ulaya

Admin, jina langu lifiche ila umri uweke. Nina miaka sabini na sita na meno yote ninayo, isipokuwa yale yaliyotangulia. Mimi ni Mmeru, nakaa huku juu, ukishapita Makumira unapandisha. Shule sikwenda. Naongea na hii simu ya kupangusa inaandika yenyewe, kwa hiyo ikikosea lawameni simu. Zamani nilikuwa mpagazi wa mlimani. Kuna mzungu alizimia, nikambeba mgongoni na begi lake, na kuku wa chakula cha jioni nimemshika mkononi. Mkibisha shauri yenu, wote walioona wameshakufa.

Sasa kilichonileta. Nina mjukuu wa kike, miaka ishirini na nne, nimemlea mimi na marehemu bibi yake. Kazi yake kupiga picha. Alianza na kipaimara na harusi, akahamia kwenye mazoezi. Banda la ng'ombe akaligeuza jimu. Makopo ya rangi akayajaza zege, akapitisha bomba katikati, wasichana wanatoka Lemara huko wanakuja kunyanyua makopo na yeye anawapiga picha. Ng'ombe akawa analala nje. Mimi namwita mke wangu, ndiyo utani wetu. Nikamwambia, "Mke wangu, kama ni jasho mnatafuta, jembe si lile pale, tena halina foleni." Akasema, "Babu, jembe nani atalilaiki?"

Baadaye akaingia kwenye mitindo. Siku hiyo kaja na wasichana watatu warefu kama mikaratusi, kawavalisha makoti ya mitumba, anataka wabebe mmea begani na mizizi yake, kama mtu anayehama na kwao. Jicho lake likaenda kwenye masale. Kwa wasiojua, hayo ni majani marefu tunapanda mpakani, na ndiyo hayo hayo mtu anashika mkononi akienda kuomba msamaha. Haya yangu walipanda wazee zamani, nilipogombana na jirani. Karibu nayo kabisa, upande wangu, ndipo alipolala bibi yake. Kwetu sale la mpaka haliguswi, na mtoto analijua hilo, ndiyo maana aliuliza. "Babu, nikiyang'oa haya hakuna shida?"

Jamani, wale wasichana walikuwa wananitazama. Nikanyoosha mkono nikasema, "Ng'oa, mke wangu. Mpaka mtoni kule kote kwangu, nani wa kuniuliza?"

Akang'oa mstari mzima. Walipomaliza, ng'ombe akayatafuna, nadhani alikuwa analipiza lile banda. Mjukuu akataka kutafuta mengine, nikamwambia aache, nitapanda mwenyewe mvua ikija. Mvua ikaja, mimi sikwenda.

Ile picha ikaonekana Ulaya, wakamwita Italia apige picha za mavazi. Akawa ananitumia. Mara anakimbia pembeni ya mto kwenye theluji, mara yuko kwenye treni kalala na kamera kaikumbatia kama mtoto. Mara anakula nyama mbichi imekatwa nyembamba kama karatasi. Nikamwambia apunguze kukimbia, asije akarudi kivuli peke yake. Wamempenda, wamemwongezea kazi mpaka msimu ujao wa maonyesho.

Jumapili moja baada ya ibada, watu wako kwenye mnada wa mazao, mimi nazungusha simu nawaonyesha. Jirani yangu yule yule, rika langu, tulitahiriwa pamoja na yeye ndiye aliyelia, akanisogelea na mkungu wake wa ndizi. "Mpiga picha wako anapendeza," akasema. "Hebu muulize, na mpaka wangu kauvalisha koti gani? Maana siuoni." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu yeye akaacha kucheka.

Mshili, yaani kiongozi wa ukoo wetu, akaita kikao. Akaniuliza mbele ya wazee, "Binti aling'oa kwa ruhusa ya nani?" Nikakohoa. Wakasema basi, ni ujana, kajiamulia mwenyewe. Uamuzi ukawa hivi: mkono uliong'oa ndio upande, kwa sababu ndio unajua yalikuwa wapi. Asipokuja, jirani atapanda pale anapokumbuka yeye. Na jirani anakumbuka ng'ambo ya kaburi, huku kwangu. Yaani marehemu alale kwenye kahawa ya yule mzee. Msiniambie picha ni ushahidi. Nimeiangalia mpaka macho yanatoka maji, inaonyesha wasichana na ukungu.

Nikisema ruhusa nilitoa mimi, kwetu mtu aliyetupa masale kwa mdomo wake mwenyewe hana neno tena kwenye mpaka huo, wala watu wa nyumba yake. Jirani ataonyesha peke yake na kaburi linakwenda. Nikinyamaza, mtoto anaacha kazi yake, anakuja kupiga magoti mbele ya wazee na sale mkononi, kwa kosa ambalo aliuliza kwanza.

Jana akanipigia ya kuonana sura.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu, mbona umekonda?"

"Shangazi kaniambia yote. Nimewaambia hapa kazini narudi." Akasogeza simu karibu. "Ila babu, si nilikuuliza? Hujawaambia?"

Mimi huyu, ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, nikasema, "Haloo? Haloo? Mtandao unakatakata, mke wangu." Akaniangalia tu. Mtandao ulikuwa safi, nilikuwa naona mpaka theluji inavyodondoka nyuma yake dirishani.

Tiketi bado hajakata. Kikao cha kupanda masale ni Jumamosi. Nishaurini wajukuu zangu, nifungue mdomo nimpoteze bibi yake, au nifunge nimpoteze yeye? Matusi wekeni tu, nimezoea, lakini pembeni ya tusi mtu aniwekee na la kufanya. Akipiga tena sitaweza kusingizia mtandao.