Bango la Vestina Lililotembea

Stanislaus ndiye mtu wa dizaini pale Kasulu, kwenye steshenari inayotazamana na mashine ya kusaga. Ukimuuliza mawazo yake hutoka wapi, atakunja uso, atazame dari, kisha akwambie, "Ndani." Muongo. Nimefanya naye kazi mwaka wa tatu sasa, na wazo lake kubwa kuliko yote lilitoka kwenye makalio.

Vestina alikuwa anagombea uenyekiti wa kikundi cha akina mama wa maharage, Heru Juu. Mpinzani wake, Ernesta, alikuwa amekikalia kiti hicho miaka kumi na mmoja bila bango hata moja. Vestina akaagiza mabango thelathini. Tukayabandika kwa uji wa unga wa muhogo, kama kila mtu huku, maana gundi ya dukani haishiki ukuta wa vumbi. Kulipokucha mbuzi walikuwa wameyala yote, wamebakiza kidevu kimoja kwenye kona ya zahanati.

"Mwakeye, mama," Stanislaus akamwamkia Vestina alipoingia.

"Nyamaza. Umewalisha mbuzi uso wangu. Leo Alhamisi, uchaguzi Jumamosi. Nikishindwa, ni wewe."

Stanislaus akaanza kufikiri. Alichora chui juu ya kichwa cha Vestina ili mbuzi waogope. Mbuzi wakaanza na chui. Akaketi afikiri vizuri zaidi, akakalia bango lililopakwa uji mbichi, kisha akaenda kununua maandazi, uso wa Vestina umemganda nyuma. Soko zima likamsoma. Mbuzi watatu wakamfuata, na watu wakawafuata mbuzi.

"Kumbe kinachotembea ndicho kinachosomwa," akaniambia akihema.

"Kwa hiyo utatembea mpaka Jumamosi?"

"Mimi nina kazi. Mbuzi hana."

Akakata kiroba, akakishonea picha za Vestina, akamvika mbuzi wa kwanza aliyepita. Mbuzi hawezi kula mgongo wake. Ijumaa nzima yule mnyama alifanya kampeni: akapita sokoni, kliniki ya wajawazito, na mazishini, ambako alikaa muda mrefu kuliko baadhi ya ndugu.

Jumamosi kura zikahesabiwa na Asnath, ofisa maendeleo aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Ernesta ishirini na tisa. Vestina ishirini na saba. Karatasi tatu zimeandikwa "Mbuzi".

"Hizo zangu," Vestina akasema. "Sura iliyokuwa mgongoni ni ya nani?"

Ernesta akainuka taratibu. "Na mbuzi ni wa nani? Nimemtafuta tangu juzi. Mbuzi wangu, kura zangu."

Stanislaus akajificha nyuma yangu.

Mbuzi akaletwa, bado kavaa. Asnath akamzunguka mara mbili, kalamu mdomoni.

"Mama Ernesta, huyu mbuzi unaye tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu."

"Katika chaguzi zote zilizopita, kuna aliyewahi kuandika mbuzi?"

Ernesta akafikiri kwa haki kabisa. "Hakuna."

"Basi walikuwa wanasoma kiroba. Vestina, thelathini."

Ukumbi ukapiga vigelegele. Ernesta akamfungua mbuzi wake kamba za kiroba, akakikunja, akamkabidhi Vestina. Halafu akamfuata Stanislaus pale alipojibanza.

"Uchaguzi ujao, kijana, mimi utanifungia kwenye ng'ombe."

Stanislaus akakohoa. "Sawa, mama. Wa nani?"