Mkaguzi wa Makochi

Fundi makochi ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji alisifika kwa domo. Ukipita mbele ya karakana yake asubuhi ungemsikia akiisimanga misumari, akiwasengenya wateja, akicheka mpaka akohoe. Wapita njia waliamini ana wageni tele humo ndani. Wageni gani! Mkewe alikwishafariki, binti yake aliolewa mbali na hupiga simu akikumbuka, na aliyekuwa akisimuliwa yote hayo kutwa nzima ni mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Mkaguzi, na jina hilo hakupewa bure. Kochi kuukuu likiletwa, Sponji hakuthubutu kuingiza mkono kabla halijanuswa, maana panya huzaa ndani ya makochi, na panya mwenye watoto hana adabu. "Haya bosi, kagua," angesema. Mkaguzi angechomeka pua kwenye kitambaa kilichochanika. Akitikisa mkia, kazi inaanza. Akibweka, kochi linapinduliwa nje, na panya watajijua.

Safari moja nyigu alimuuma puani huko huko kazini. Uso ukavimba, macho yakazibika, mdomo ukaning'inia, na majirani wakaja kumtazama na kushika mbavu kwa kicheko. Hata Sponji alicheka, Mungu amsamehe. Jioni uvimbe ukashuka wenyewe, naye akaweka kichwani kwamba mbwa kuumwa na nyigu ni kichekesho tu.

Basi akaja mama mmoja na kochi lililokaa stoo miaka na miaka. "Haya bosi, kagua." Mkaguzi akachomeka pua, akaruka nyuma akilia, na nyigu wakamtokea kwa hasira, kwani walikuwa wamejenga humo ndani. Sponji alilifunika kochi kwa turubai, akamvuta mbwa pembeni na kumwosha uso kwa maji. Uso ulikuwa umeshaanza kuvimba.

"Unaniletea tena ile sura yako," akamtania, akarudi kwenye cherehani amalizie mto wa mteja.

Alipomwita baadaye hakuona hata sikio likisogea. Mkaguzi alikuwa ametapika. Amelala ubavu, miguu imelegea, vinundu vimemtapakaa mwili mzima chini ya manyoya. Sponji akamfunua mdomo, akaona ufizi umekuwa mweupe kama chokaa. Akili zikamruka. Akambeba, akamlaza kwenye mkokoteni wa kubebea makochi, akaanza kusukuma mbio.

"Fundi, leo unamtembeza bosi?" muuza vioo wa mtaa huo akamrushia utani.

Siku nyingine angejibiwa mpaka ajute kufungua mdomo. Leo Sponji alipita tu. Alikuwa anaomba jambo moja, asiachwe peke yake, na aliona haya kwamba hata hapo, mbwa akiwa anakata roho, alikuwa anajililia mwenyewe.

Daktari wa mifugo, binti wa umri wa mwanawe, alimtazama mbwa mara moja na kuivuta sindano. Baada ya sindano ikafuata dripu. Ndipo akauliza, "Ameumwa lini, baba?"

"Muda kidogo. Nilidhani uvimbe utashuka wenyewe, kama mara ile."

"Mara ile ndiyo iliyoharibu. Mwili wake ulianza kuikataa sumu ya nyigu, na safari hii umeikataa vibaya. Mbwa akivimba uso, usimtoe machoni pako. Akitapika na kulegea, hapo hakuna kusubiri, ni kumleta mbio."

Hakumkaripia, na hilo lilimuuma Sponji kuliko kukaripiwa. Alikaa chini sakafuni, mkono shingoni kwa mbwa wake, akihesabia moyoni kila pumzi. Muda ulipita. Kisha Mkaguzi akafumbua jicho moja, akamtafuta, akampata. Sponji alilia waziwazi, mtu mzima, mbele ya mtoto wa watu.

"Atapona," daktari akasema. "Lakini nikwambie ukweli, baba. Karakanani asirudi. Makochi ya watu yana kila aina ya mdudu, na wewe unasema kazi yake ni kuchomeka pua. Akiumwa tena, huenda usiwahi."

"Nikimfunga kamba pale nje?"

"Nyigu atamfuata na kamba yake."

Sponji akampapasa mbwa kichwani. "Basi atabaki nyumbani."

Sasa Mkaguzi anashinda chumbani, nyuma ya dirisha la wavu. Amenenepa, manyoya yanang'aa. Sponji anayapiga makochi kwa fimbo kabla ya kuyafungua, na kazi inakwenda. Wateja wakimuuliza habari za mbwa huwaambia ni mzima kabisa, na anasema kweli, na amefurahi kweli.

Shida ni asubuhi. Sponji akigusa tu funguo, Mkaguzi ametangulia mlangoni, mkia juu, tayari kwa kazi. Hajaambiwa kosa lake, na hakuna lugha ya kumwambia kwamba hana kosa. Sponji humsukuma ndani kwa goti, hufunga mlango, halafu husimama pale nje akisikiliza kucha zikikwaruza mbao, mpaka zinyamaze. Ndipo anapokwenda kazini.