Mazoezi ya Salamu za Hispania

Kwa muda mrefu nimekana, kanisani, sokoni, hata mbele ya dada yangu wa tumbo moja, kwamba akina mama walinikuta uani kwangu Gungu shavu langu likiwa juu ya shavu la shemeji yangu. Leo nakiri: walinikuta, tena mchana kweupe.

Nia ilikuwa njema. Mwanangu Elia anafanya kazi Hispania na huko amepata mchumba, Lusia. Mimi ni mjane, na posa haiendi bila mzee wa ukoo, na mzee aliyebaki ni Filipo wa Mwandiga, mdogo wa marehemu mume wangu. Yeye akikataa, hakuna posa. Basi Elia akanitumia ujumbe mrefu wa sauti kuhusu safari yetu ya posa: mbebe makoti mazito, mawese yakae kwenye begi kubwa (si la mkononi, mama, tafadhali), maduka mengi hufungwa mchana, chakula cha mchana huenda kikaja saa tisa hivyo msilalamike njaa, na mama mkwe atamsalimia Baba Mdogo kwa kugusanisha mashavu, huku na huku.

Hilo la mwisho ndilo lililoninyima raha, maana kwetu mkwe husalimiwa kwa mbali, macho chini. Ningeweza kumweleza Filipo kwa mdomo yakaisha, lakini mtu aliyepita chuo kikuu kama mimi hawezi kueleza jambo kwa maneno mawili, lazima aandae semina.

"Shemeji, nipe shavu."

"Nikupe nini?"

"Shavu. Ndiyo salamu ya kule."

"Mama Elia, umekula nini leo?"

Kwa ajili ya Elia akakubali, akafumba macho kama anayesubiri sindano. Shavu la kwanza likaenda salama. La pili, hereni yangu (ile kubwa ya duara, ya kujionyesha) ikanasa kwenye sweta lake la sufu, nikajivuta, sikio likataka kubaki.

"Usitikisike!"

"Sitikisiki, wewe ndiye unayenivuta!"

Ndipo geti likafunguka, wakaingia wenzangu wa kikundi cha akina mama wakiimba wimbo wa kuniaga, na wimbo ukakatikia kwenye kiitikio.

"Tumewahi," alisema Bi Zaina. "Turudi jioni?"

"Ni mambo ya Hispania!"

"Tumeona, mwenzetu. Imefika hadi Gungu."

Yeye mwenyewe ndiye aliyetunasua, akicheka hadi machozi. Filipo alipanda bodaboda bila kunywa chai, na habari ikamtangulia Mwandiga. Jioni akaniletea ujumbe kwamba haendi popote: kama mazoezi yako hivi, mechi yenyewe itakuwaje?

Kesho yake nikaenda kuomba radhi. Mkewe, Mama Neema, alinipokea kwa tabasamu lililonitisha kuliko hasira.

"Karibu, mwalimu wa mashavu."

Filipo alikaa kanipa mgongo. Nikaeleza, nikabembeleza, nikaapa palepale kwamba ushauri wa safari nitautoa kwa mdomo tu, tena nikiwa nimekaa kiti cha mbali. Hakugeuka. Nikaanza kutunga kichwani namna ya kumwambia mwanangu kwamba mama yake amemwangushia posa.

Simu ikalia mfukoni mwa Filipo. Alikuwa Elia, ambaye hakuna aliyethubutu kumsimulia lolote. Sauti yake ikajaa sebule.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Niko hapa na mama yake Lusia. Nilimwambia kwetu mkwe anasalimiwa kwa mbali, sasa hana raha, hajui akupokeeje asije akakuvunjia heshima. Hapa anajifunza kuinama mbele ya kioo. Anauliza, afanyeje?"

Mama Neema akaziba mdomo kwa kanga. Filipo akageuka, akanitazama, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kuhutubia.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mama wa watu asijisumbue. Asalimie kama kwao. Sisi tunakuja, na mimi nimeshafanya mazoezi."