Uzi Mwekundu wa Mama wa Fishi

Mimi si daktari. Niseme hilo kwanza, kwa sababu mambo yote yalianzia pale mtu mmoja aliponiita Dokta, na mimi nikanyamaza nikifurahi.

Mimi ni muuguzi mkuu wa kituo kidogo cha afya hapa Baraka, kando ya ziwa, vyumba vitano na veranda. Veranda ndiyo ilikuwa mapokezi. Pale alikaa mama mmoja tuliyemwita Mama wa Fishi, maana kazi yake ilikuwa kutunza fishi za wagonjwa, karatasi ngumu alizozipanga ndani ya makatoni ya sabuni. Hakuzipanga kwa alfabeti. Alizipanga kwa mitaa na kwa nyumba, na waliotoka Ubwari kwa mtumbwi walikuwa na katoni yao. Mtu ambaye mwili wake unakataa dawa fulani, alimshonea uzi mwekundu kwenye kona ya fishi. Ukiona uzi unasimama, unasoma, ndipo unashika sindano.

Tena alijua jambo ambalo shule ya uuguzi haikunifundisha. Kwetu mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wala la mama mkwe. Ni haya, ni heshima, hata umtishie vipi. Sasa mtoto akipewa jina la bibi yake, mama mzazi anabaki na mtoto ambaye yeye mwenyewe hawezi kumwita kwa jina. Anamwita Mama, au anamtafutia jina la kubembeleza. Mama wa Fishi akiona mwanamke ameinamisha macho, aliuliza foleni nzima: "Nani iko jirani yake hapa? Mumusaidie jina." Jirani anasema, kwisha. Hakuna aliyecheka.

Halafu wakubwa wakatuambia makaratasi yamepitwa na wakati. Tungepewa kompyuta, lakini programu ya kutunza habari za wagonjwa tuchague wenyewe, mimi na komite ya afya. Wakaja watu wawili kutuonyesha zao. Wa kwanza alitoka Uvira. Programu yake ilikuwa mbaya kuitazama, na nzito, lakini ilipiga picha ya uso wa mgonjwa, ikauliza anatoka nyumba gani na nani amemleta. Mama wa Fishi aliikubali mara moja. Alisema, "Hii inaangalia muntu."

Wa pili alikuja na viatu vinavyong'aa, sijui alivukaje matope. Programu yake ilikuwa na rangi rangi na michoro. Akanipa kiti cha mbele. "Unaandika jina tu, Dokta, fishi inatoka papo hapo." Dokta! Mbele ya komite nzima. Nilijisikia nimekua kidogo.

Akaeleza pia kwamba siku hizi ugonjwa wa mtu ni siri, kwa hiyo mgonjwa aingie peke yake mapokezi, foleni ikae mbali. Mama wa Fishi akanyanyua mkono. "Na mama mwenye hawezi kutaja jina ya mutoto wake, ye ataandikwa wapi?"

Mgeni akacheka. "Mama, hakuna mama wa namna hiyo." Akanigeukia nimuunge mkono. Na mimi, mtoto wa hapa hapa, ninayebeba jina la babu yangu, niliyezaliwa na mama ambaye hajawahi hata siku moja kuniita kwa jina langu, nikacheka naye. Nilicheka kwa sauti, shenzi mimi.

Basi tukachagua ya rangi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mgeni alikuja, akala samaki wetu, akapiga picha na sisi, akaondoka. Mapokezi yakahamia ndani ya chumba chenye mlango. Tukaajiri binti aliyesomea kompyuta, akaingiza fishi zote kwenye mashini, moja moja, na penye uzi mwekundu akaandika onyo kwa herufi nyekundu. Simlaumu binti, alifanya kazi yake vizuri. Mama wa Fishi nikampa ufagio. Nilimwambia ni kwa muda. Akasema, "Ndiyo, Dokta," na nikajua ananisema.

Miezi ikapita. Asubuhi moja ya mvua akaja mwanamke kutoka Lweba, amebeba binti yake wa miaka mitano, mapafu yanakoroma. Bibi wa mtoto, mama mkwe wake, alikuwa amewasindikiza, lakini kwa ile sheria yetu mpya alibaki kwenye benchi la nje. Binti wa kompyuta akauliza jina la mtoto. Mwanamke akainamisha macho. Binti akauliza tena, wenzake wanangoja. Mwanamke akatoa jina la kubembeleza, lile la nyumbani. Mashini ikatafuta, haikuona kitu, ikamfungulia mtoto fishi mpya, safi kabisa.

Mtoto alikuwa amefika kwetu mwaka uliotangulia. Mama yake alikuwa msibani kwao, bibi ndiye aliyemleta, akataja jina bila shida kwa kuwa ni lake mwenyewe. Siku ile tulimchoma penisilini akavimba uso, tukamwokoa kwa shida, na Mama wa Fishi akashona uzi. Mimi nawaona watoto wengi, sikumkumbuka.

Zamani nilikuwa namuuliza kila mzazi: dawa gani imewahi kumsumbua? Tangu mashini ije niliacha. Nilitazama skrini, palikuwa na alama ya kijani, hakuna tatizo. Sikumtazama mama. Nikajaza sindano ya penisilini, nikamchoma mtoto.

Haikuchukua muda. Midomo ikavimba, pumzi ikakata. Nikampa dawa ya kumrudisha, nikampulizia hewa, nikambonyeza kifua, nikamwomba Mungu kwa moyo wangu wote. Mama wa Fishi akaingia mbio, ufagio bado mkononi, akamwona mtoto, akasema, "Yesu! Huyu si ni yule wa uzi?"

Mwanamke akaanguka magoti kando ya kitanda. Alimwita mtoto kwa lile jina la nyumbani, mara ya kwanza, mara ya pili, mtoto kimya. Ndipo akapiga kelele akataja jina lenyewe. Jina la mama mkwe wake, zima, na mama mkwe amesimama mlangoni. Foleni yote nje ililisikia. Mimi hapa silitaji.

Bibi hakukasirika. Alisema polepole, "Ita tena, mwanangu. Labda atasikia."

Akaita tena, na tena. Mtoto hakuitika, alikuwa amekwisha kwenda. Kwenye chumba cha pili, binti wa kompyuta alilisikia lile jina, akaliandika. Fishi ikatoka papo hapo, herufi nyekundu juu kabisa, kama Dokta alivyoahidiwa.