Namna ya Kuliamkua Gari

Mwanangu, ipo alasiri moja niikumbukayo kuliko nyingi, ambapo taa kubwa za gari la shangazi yangu zilikataa kuwaka, nami nikakataa kuuliza kwa nini. Katika kukataa huko kuwili sijui kupi kulikuwa kubaya zaidi. Nimelipima jambo hilo miaka mingi, nawe wanijua: mimi jambo nikianza kulipima, halitoki mikononi mwangu zima.

Siku zile nilikuwa nimerudi Malindi kutoka chuoni, nilikokuwa nikiandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika fani ya umeme. Nasema nilirudi, lakini neno la haki ni kwamba nilikimbia. Watahini walikuwa wameirejesha tasnifu yangu pamoja na barua ya kurasa mbili, na barua ile niliisoma hata nikaihifadhi na vituo vyake. Nyumbani sikumwambia mtu. Shangazi Mwanaisha, aliyenilea, aliponiuliza kazi imefikia wapi, nilimjibu kuwa inaangaliwa. Jibu ambalo halikuwa uongo, ila lilikuwa jirani ya uongo wa ukuta mmoja. Naye akazidi kuwatangazia wanawake wa mtaani kwamba daktari wao yu njiani. Nilipomweleza kuwa shahada ile haimfanyi mtu daktari, alisema hayo ni mambo ya karatasi.

Mtu mwenye barua ya namna ile mfukoni hutafuta kazi ya mikono. Mimi niliosha gari. Kila asubuhi, mahali pa kufungua tasnifu nilifungua boneti, nikateka maji kisimani, nikaosha hadi injini, ikawa inang'aa kama sinia. Lishike hilo la maji ya kisima; tutalirudia.

Sasa, Shangazi alikuwa somo. Usidhani nasema la darasani. Somo ni yule mwanamke amfundaye mwari na kumsimamia siku ya arusi yake, na katika ukoo wetu mwari hatolewi ndani ikiwa somo wake hajafika. Mwari wake wa siku hiyo alikuwa Kikambala, mbele ya Kilifi, na alikuwa atolewe baada ya sala ya Isha. Kutoka mapema Shangazi hangeweza, kwa kuwa asumini ya vikuba, yale mashada ya kuvaliwa, huchumwa alasiri ingali imefumba, ili ipate kufunguka kifuani mwa bibi arusi. Kwa hesabu yoyote, giza lingetukuta kabla ya Kilifi. Gari lisilo na taa lisingeweza safari hiyo, na bila safari hiyo msichana wa watu angekaa ndani na mapambo yake, akimngoja mtu asiyefika.

Taa zilikuwa zimezimika jana yake jioni, zote mbili kwa pamoja, ilhali taa ndogo na za breki zikiwaka. Shangazi alitaka aitwe Mzee Kahindi, fundi wa umeme wa magari, mtu wa Vitengeni mwenye kibanda chake karibu na soko. Nikamjibu kwa sauti ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio yangu hupata moto: "Fundi wa nini, Shangazi, na mimi nimesomea umeme?"

Asubuhi ya arusi niliketi na kalamu. Nilisema moyoni kuwa balbu mbili haziwezi kufa saa moja, kwa hiyo balbu hazina haja ya kutazamwa. Fyuzi nayo niliiona ni jambo dogo mno kwa mtu wa daraja yangu. Nikaanzia mbali, kwenye swichi ya usukani. Nilichora michoro kurasa tatu, nikafungua vifuniko, nikazitoa nyaya na kuzipa nambari. Kufikia adhuhuri usukani ulikuwa uchi kama samaki aliyeparwa magamba, na taa bado ni vipofu. Adhana ya alasiri ilipoadhiniwa, Shangazi alikwisha kuchuma asumini. Alipita na sinia, akatazama zile nyaya zilizoning'inia, akaingia ndani kufunga vikuba. Heri angenikemea.

Nilikwenda kwa Mzee Kahindi karibu mbio. Nilimkuta amechutama, anasokota nyaya. Sikubisha hodi, sikumwamkua. Nilianza papo hapo na swichi, na uwezekano wa kwanza, na uwezekano wa pili. Yule mzee, mwenye umri wa babu yangu, aliinua macho, akaniambia kwa adabu kubwa:

"Shikamoo."

Mwanangu, mzee kumpa kijana shikamoo ni kofi lisilo na mkono.

"Haya, itikia," akasema. "Mmoja wetu ni lazima aanze, nami naona wewe una haraka."

Nilimwomba radhi, nikamwamkua kama nilivyofunzwa. Naye aliitikia, kisha akaniuliza habari kwa utaratibu wa watu wa kwao: mimi mwenyewe nimeamkaje, Shangazi hajambo, kuku wanataga, mvua imefika, na nyumbani kwa jumla kukoje. Jua lilikuwa linashuka, nami nilijibu moja baada ya moja. Ndipo akachukua kipande cha msasa, mkebe wa grisi, na kibalbu chake cha kujaribia chenye nyaya mbili, akanifuata.

Shangazi alikuwa mlangoni na buibui lake, tayari. "Karibu, Mzee Kahindi," akasema. "Njoo uone ajabu. Msomi amemkwamisha somo."

Mzee alicheka hata akashika boneti. Alipouona usukani, akanitaka nirudishe kila waya mahali nilipoikuta. Nilipomaliza, akasema: "Gari huamkuliwa kama mtu. Humwulizi mtu habari za mjukuu wake aliyeko ng'ambo, na yeye mwenyewe hujamwuliza kalalaje."

Akaliamkua. Alipiga honi, ikalia, betri hajambo. Akaichomoa fyuzi ya taa, akaielekeza juani; uzi wake mzima. Akabadilisha rilei ya taa, ile swichi ndogo ipitishayo moto, na ile ya honi, kwa kuwa zilikuwa pacha, na honi ikalia vilevile. Akazitoa balbu nilizozidharau, akazitazama. Nazo zilikuwa nzima. Kisha akaushika mdomo wa waya uletao moto, akaunganisha mguu mmoja wa kibalbu chake hapo, na mguu wa pili kwenye betri, upande wa hasi. Kibalbu kikawaka. Moto basi ulikuwa unafika hadi mlangoni pa taa.

"Wote hawajambo," akasema. "Amebaki nani hujamwuliza?"

Nilifikiri sana. Ndiyo kazi niliyoiweza.

"Nyumbani," akasema Mzee Kahindi. "Hujauliza nyumbani. Umeme nao una kwao. Hutoka betrini, ukafanya kazi yake, ukarudi. Ukiona njia ya kurudi imekatika, hautoki."

Akauhamisha mguu wa pili wa kibalbu kwenye waya nyeusi ya taa, ile ya ardhi, na kibalbu kikazima. Tuliifuata waya ile kwa kidole hadi nyuma ya taa ya kushoto, ilipofungwa kwa bolti kwenye bodi, ikizihudumia taa zote mbili. Bolti ilikuwa imevaa ukoga wa kijani na mweupe, kama jiwe la ufuoni. Alichovya kidole, akaonja, akaniuliza kwa upole gari huoshwa kwa maji gani.

Maji ya kisima chetu, mwanangu, hayatoi povu la sabuni kwa wingi wa chumvi. Nilikuwa nimelilisha gari lile chumvi kila asubuhi, nikikimbia barua.

Ile bolti haikutaka zaidi ya msasa, kukazwa na kupakwa grisi. Taa ziliwaka kabla Mzee hajafuta mikono. Shangazi alipiga kigelegele hata majirani wakadhani arusi imehamia kwetu, na saa kumi na mbili kasoro robo tukawa njiani.

Kukawa magharibi tulipofika Matsangoni. Niliwasha taa, barabara ikajifungua mbele yetu nyeupe, na gari lote linanukia asumini. Hapo ndipo nilipomweleza Shangazi habari ya barua, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akapanga upya vikuba mapajani.

"Ungeniambia siku ile uliyoingia," akasema, "gari langu lingesalimika."

Tulicheka hadi Kilifi. Mwari alitolewa kwa wakati wake, somo wake akiwa ubavuni. Nami juma lile nilirudi chuoni, nikaiamkua tasnifu ukurasa baada ya ukurasa, na kosa nikalikuta katika kipimo cha kwanza kabisa, ambacho sikuwahi kukirudia kwa kuwa kilikuwa rahisi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiharibikiwa na jambo, liwe gari au liwe moyo, lianze kwa salamu: uliza lililo karibu kabla ya lililo mbali, na lililo dogo usilidharau kwa kuwa umesoma makubwa. Na kila utakapouliza, usisahau kuuliza nyumbani. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na aliyejikatia marejeo, hata awe na nguvu za betri kumi, hamulikii mtu.

Mola akupe nuru ya kwenda, na njia safi ya kurudi. Na ukifika kwa watu, mwanangu, uwe wewe wa kwanza kuamkua.